Mkandarasi anayesaini daftari la mahudhurio

Ankara zilikuwa sita, na zote sita zilidai malipo ya "huduma ya kupanda mbao". Aliyechapa alikusudia "kupanga", kidole kikateleza, kisha kosa likanakiliwa mara sita, hadi kwenye ankara ya mtunza stoo na ya mnoa misumeno, ambao mbao hawazipangi wala hawazipandi. Chini ya kila karatasi pameandikwa "Mkandarasi" na pembeni saini. Mbili zilikuwa za dole gumba.

Nilikuwa ofisini kwenye yadi ya mbao nje kidogo ya Mafinga, nimevaa koti ndani ya nyumba kama ilivyo ada ya mwezi wa saba kule. Mwenye yadi, mama wa makamo, alielekezwa kwangu na mteja wangu mmoja wa Makambako. Wiki mbili kabla, rundo la mbili kwa nne lilimporomokea kijana wa kupanga mbao likamvunja mguu. Mama alilipa gharama zote za hospitali kutoka mfukoni mwake, bila hata kuombwa. Kisha mjomba wa kijana akaja kutoka Njombe. Akasalimia vizuri, "Kamwene", akanywa chai, akashukuru, halafu akauliza: fidia ya kazini ya mwanetu anaishughulikia nani? Mama akajibu kwamba kijana si mfanyakazi, ni mkandarasi. Mjomba akakaa kimya kidogo, akasema, "Mama, mkandarasi gani anakatwa shilingi 2,000 akichelewa?"

Ndipo nilipopigiwa simu. "Mhasibu, njoo uniambie. Hawa ni wafanyakazi wangu au si wafanyakazi wangu?"

Swali hilo nalisikia Nyanda za Juu Kusini nzima. Nalisikia kwa wenye maghala ya parachichi Njombe, kwa wenye shule binafsi hapa Mbeya, kwa wenye malori ya njia ya Tunduma, na kwa wenye maduka Mwanjelwa ambao vijana wao wa kuuza "wapo tu, tunasaidiana". Kila mmoja ana neno lake: kibarua, deiwaka, wa mkataba, mkandarasi, mshauri. Maneno hayo yamechanganywa kiasi kwamba mtu anaamini akibadilisha jina kwenye karatasi, basi na kodi imebadilika. Haiko hivyo.

Tuanze na fundi cherehani. Unanunua kitambaa, unampelekea fundi sokoni. Atakushona leo usiku au Jumatano, hilo ni lake. Cherehani ni yake, uzi ni wake, na ana vitambaa vya watu wengine ishirini mbele ya chako. Akikosea kipimo, hasara ni yake, ataufumua mshono aanze upya. Akiumwa, mdogo wake anaweza kumalizia, mradi nguo iwe sawa. Umenunua nguo iliyoshonwa. Muda wake hukuununua. Huyo ndiye mkandarasi huru, na mnachofanya naye ni mkataba wa huduma.

Sasa umefungua duka lako la nguo, umenunua cherehani tatu, umemwita fundi yuleyule akae kwako. Anaingia saa 2 asubuhi, anatoka saa 12 jioni. Wewe ndiye unayemwambia sare za shule zitangulie, magauni ya harusi yafuate. Mteja akilalamika, analalamika kwako. Akikosa siku mbili, unampigia simu kwa ukali. Ni fundi yuleyule, ana ustadi uleule, hata malipo yanaweza kuwa yaleyale kwa kila nguo. Ila sasa umenunua muda wake na utii wake. Huyo ni mfanyakazi, na mlicho nacho ni mkataba wa ajira hata kama hamkuandika kitu.

Na "kodi za mishahara" ni nini? Ni fungu la makato na michango inayotembea na ajira. Kuna PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri anaikata kwenye mshahara na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Kuna mchango wa pensheni, NSSF kwa sekta binafsi. Kuna mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Na kwa mwajiri mwenye watu 10 au zaidi, kuna Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wengi tunaiita SDL. Kwa mkandarasi hivi vyote havipo; badala yake mlipaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma na kuipeleka TRA. Sasa unaona kwa nini watu wanalipenda neno mkandarasi.

Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, ina kifungu cha 61 ambacho ningependa kila mwenye yadi, ghala au shule akisome japo mara moja. Kinasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mfanyakazi, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, iwapo ipo dalili moja au zaidi kati ya saba. Moja inatosha. Nilizipitia na mama moja baada ya nyingine, daftari la mahudhurio likiwa wazi mezani.

Je, namna wanavyofanya kazi inaelekezwa na mtu mwingine? Msimamizi ndiye anayesema mbao zipangwe wapi na kwa unene upi. Saa zao je? Daftari lilijibu: kuingia saa 1:30, na mbele ya majina mengine wino mwekundu, "2,000". Je, ni sehemu ya taasisi? Walikuwa wamevaa makoti ya kazi yenye jina la yadi mgongoni. Nani katoa vifaa? Glavu, toroli na koleo vyote vya mama. Wanamtegemea yeye kwa riziki, na wanafanya kazi kwake peke yake? Mama alicheka. "Waende wapi tena? Jioni wanatoka hapa wamechoka."

Ya saba huwachanganya wengi kwa sababu ya tarakimu 45. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kifungu cha 61 kinataja 45 nyingine kabisa: wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa mwezi, si kwa wiki. Hizo ni siku tano tu za saa tisa tisa. Kibarua anayekuja kwako kila Jumamosi na Jumatatu, mwezi baada ya mwezi, ameshauvuka mstari huo huku wewe ukimwita "wa kuja na kuondoka".

Lakini neno "atachukuliwa" lisikutishe kupita kiasi. Sheria inaanza kwa kudhani, na anayebisha ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mimi mwenyewe ni mfano. Nafunga hesabu za wateja kadhaa, kompyuta ni yangu, ofisi yangu iko Mbeya, ninapanga bei mwenyewe. Msimu wa ritani, yaani taarifa za kodi za mwaka, kuna mteja mmoja anayenila zaidi ya saa 45 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo. Kwa dalili hiyo moja ningeweza kuchukuliwa kuwa mfanyakazi wake. Angeweza kulipindua hilo kwa urahisi kwa kuonyesha wateja wangu wengine, risiti zangu za EFD (mashine ya risiti za kodi), na kwamba nikikosea hesabu narudia kwa gharama yangu. Mama wa Mafinga angeonyesha nini kuhusu wapanga mbao? Ankara zenye kosa moja mara sita.

Wengi wanakimbilia hoja ya saini: "Alisaini mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha." Saini ingekuwa na nguvu hiyo, kifungu chote hiki kisingekuwa na kazi, maana mwenye njaa husaini chochote. Wala si Tanzania peke yake inayotazama hali halisi kabla ya karatasi. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 198 mwaka 2006 kuhusu jambo hilihili, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi wana haki za wafanyakazi, kama kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mikataba yao iliwaita wakandarasi huru.

Kinyume chake nacho kinasemwa sana: hana mkataba wa maandishi, basi hana ajira. Hapana. Kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na mwajiri asipoweza kuyaonyesha panapotokea mgogoro, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa. Kukosa karatasi kunamwumiza mwajiri.

Na kulipwa kwa kipande? Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe akilipwa kwa kilo, mpakiaji akilipwa kwa lori, hiyo ni njia ya kuhesabu malipo tu. Haimtoi mtu kwenye ajira kama vile kulipa nauli kwa kituo hakulifanyi basi kuwa teksi. Vilevile TIN. Nimeambiwa mara nyingi, "Nimemwambia akate TIN, sasa ni mfanyabiashara." TIN ni namba ya mlipakodi, na mwajiriwa naye anakuwa nayo.

Hapa niweke tahadhari moja ambayo hata sisi wahasibu tunaisahau. Kifungu cha 61 kinahusu sheria za kazi. Kikikufikia, kitakufikia kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, pale mtu anapodai likizo, notisi au kuachishwa isivyo halali. TRA ina mlango wake. Sheria ya Kodi ya Mapato ina tafsiri yake ya ajira, na ndani yake imo nafasi inayompa mtu haki ya malipo ya kila kipindi kwa huduma anazotoa. Kwa hiyo "mkandarasi" anayelipwa kiasi kilekile kila tarehe 28, mvua inyeshe jua liwake, mbao zitoke zisitoke, tayari anafanana na mwajiriwa machoni pa mkaguzi wa kodi. Milango ni miwili, ila ushahidi unaotazamwa humo ni uleule: daftari, saa, vifaa, mtiririko wa malipo.

Twende kwenye pesa, maana mama alikuwa amenyamaza kwa muda na nilijua anahesabu kichwani. Aliogopa mamilioni.

Wapanga mbao walikuwa wanne, kila mmoja "ada" ya 300,000 kwa mwezi. Alikuwa anawakata asilimia 5, yaani 15,000, na kwa kweli alikuwa akiipeleka TRA. Mama huyu si mkwepaji, alipotoshwa tu. Mkononi wanapokea 285,000. Sasa tuwaweke kwenye orodha ya mishahara kwa 300,000 zilezile. Kwanza unatoa mchango wa NSSF wa mfanyakazi, asilimia 10, yaani 30,000. Inabaki 270,000, na hiyo ndiyo inayotazamwa kwa PAYE. Kwa viwango vya Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kwa hiyo PAYE ya mpanga mbao ni sifuri.

Mama aliniangalia. "Yaani nimekuwa nawakata kodi ambayo wangekuwa wafanyakazi wasingekatwa?"

Ndiyo. Kwa mtu wa kipato cha chini, kuitwa mkandarasi kumekuwa ghali kwa upande wa kodi. 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka, kwa mtu mwenye mshahara wa laki tatu.

Mtunza stoo alikuwa analipwa 500,000. Kama mkandarasi alikatwa 25,000, akabaki na 475,000. Kama mfanyakazi: NSSF 50,000, inabaki 450,000; kati ya 270,001 na 520,000 kiwango ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, yaani asilimia 8 ya 180,000, ambayo ni 14,400. Kodi imeshuka kutoka 25,000 hadi 14,400. Anachopokea mkononi kinashuka hadi 435,600 kwa sababu ya NSSF, na hapa ndipo kelele zinapoanzia, kwa kuwa mfanyakazi haoni tofauti kati ya pesa iliyokwenda serikalini na pesa iliyokwenda kwenye akaunti yenye jina lake. Kaa naye, mwonyeshe. Kila mwezi NSSF inaingia 100,000 kwa jina lake: 50,000 yake na 50,000 ya mwajiri.

Upande wa mwajiri ni asilimia 10 ya NSSF juu ya mshahara, na WCF ambayo kwa sekta binafsi ilishushwa hadi asilimia 0.5 mwaka 2022. Ya WCF ni ya mwajiri peke yake. Kumkata mfanyakazi ni kosa. Kwa watu watano wenye jumla ya mishahara 1,700,000, NSSF ni 170,000 na WCF ni 8,500. Jumla 178,500 kwa mwezi. Ile 8,500 ndiyo iliyonifanya ninyamaze kidogo nikimkumbuka kijana wa mguu. Mama alishalipa hospitali zaidi ya mara hamsini yake.

Kwa wenye kipato kikubwa hadithi inageuka. Mtu wa 1,500,000 kwa mwezi akiwa "mshauri" anakatwa 75,000. Akiwa mwajiriwa, NSSF ni 150,000, inabaki 1,350,000, PAYE ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni, yaani 105,000, jumla 233,000. Ndiyo maana mara nyingi anayeng'ang'ania kuitwa mshauri ni mwenye mshahara mkubwa mwenyewe, wala si bosi wake. Lakini anajidanganya. Ile asilimia 5 ya zuio kwa mtoa huduma mkazi si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka anatakiwa kupeleka ritani ya biashara yake na kulipa kilichobaki. "Nimeshakatwa asilimia 5, nimemalizana nao" ni sentensi niliyoisikia kwa watu ambao baadaye walikuja kwangu na barua ya TRA mkononi, wamekunja uso.

Tukabaki na mnoa misumeno.

Mama alikuwa na watu wanne kwenye orodha ya mishahara tangu zamani: karani, dereva na waendesha mashine wawili. Ukiongeza wapanga mbao wanne na mtunza stoo, wanafika tisa. Mnoa misumeno angekuwa wa 10. Na wa 10 ana uzito wake, kwa sababu tangu mwaka 2021 SDL humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa wanne. Ikishakugusa, inahesabiwa kwenye mishahara ya wote, si ya yule wa 10 peke yake. Kiwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha. Mwaka 2023 kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5, kwa hiyo mtu atazame cha mwaka wake. Kwa 3.5, orodha ya mishahara ya milioni tano inadaiwa 175,000 kwa mwezi, na hiyo inatoka kwa mwajiri. Karibu sawa na nyongeza yote niliyomhesabia mama kwa watu watano! (Wenye mashamba wana afueni: waajiri wa kilimo wamesamehewa kwa wafanyakazi walio shambani moja kwa moja. Yadi ya mbao si shamba, hata kama miti ilitoka msitu wa Sao Hill.)

"Basi huyo abaki mkandarasi," mama akasema haraka.

Nikamwambia hatuamui hivyo. Tunamwita kwanza, tumsikilize, na jibu litakalotoka ndilo hilo. Akaja na mashine yake ya kunolea, ameifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Anakuja Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa tatu hivi kila mara, ila siku anajipangia mwenyewe kulingana na yadi nyingine tatu anazohudumia na kijana mwingine mwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao, huko porini. Analipwa kwa msumeno. Msumeno ukirudi butu kabla ya wakati, anaunoa tena bure. Mwezi uliopita aliugua, akamtuma mwanafunzi wake. Daftari la mahudhurio hajawahi kuligusa. Ankara ile ya "kupanda mbao" alipewa asaini, akasaini.

Nikazipitia dalili saba tena. Haelekezwi, saa ni zake, si sehemu ya yadi, hafikishi saa 45 kwa mwezi, hategemei yadi moja, vifaa ni vyake, wateja ni wengi. Huyo ni mkandarasi wa kweli, na kumwingiza kwenye orodha ya mishahara kwa woga lingekuwa kosa la upande wa pili. Nimeliona pia: mtu ametishwa na barua moja, anaamua kumwajiri hadi fundi bomba.

Kisha swali ambalo kila mwajiri huliuliza kwa sauti ya chini: na miaka iliyopita? Sheria ya Kodi ya Mapato haimwachi mlipaji aliyeshindwa kukata kodi aliyopaswa kukata. Kodi hiyo inabaki deni lake, na riba inatembea. NSSF nayo inaweza kudai michango ya nyuma pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Kwa wapanga mbao PAYE ya nyuma ilikuwa sifuri, kwa hiyo mzigo mkubwa ulikuwa NSSF. Ushauri wangu ulikuwa aende mwenyewe, na hesabu zake mkononi, kabla hajaendewa. Anayeenda mwenyewe anazungumza kuhusu namna ya kulipa kwa awamu. Anayefuatwa anazungumza kuhusu kwa nini alificha.

Kubadilisha wenyewe si kazi ngumu, ila kuna mahali watu wanajikwaa. Chagua tarehe 1 ya mwezi, usianze katikati. Kwenye mkataba mpya andika tarehe halisi aliyoanza kazi. Usijifanye ameajiriwa jana, kwa kuwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili hadi miaka 10 vinahesabiwa kutoka hapo. Ukimwachisha kibabe ili usimwajiri, kumbuka aliyefikisha miezi sita ana siku 30 za kufika CMA kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na wewe ndiye utakayejieleza. PAYE inakwenda TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. NSSF na WCF ndani ya mwezi unaofuata. Na usiache kumpa kila mmoja hati ya mshahara inayoonyesha makato. Faini za kuchelewa nilimwambia mama azifute kabisa. Mfanyakazi hatozwi faini kienyeji. Akichelewa mara kwa mara, kuna utaratibu wa onyo.

Ugumu halisi ulikuwa kwenye neno "mkononi". Wapanga mbao walizoea 285,000. Ukiwawekea 300,000 kama mshahara, watapokea 270,000, na 15,000 kwa mtu wa Mafinga si pesa ndogo. Mama alikuwa na njia mbili: aueleze mchango wa NSSF hadi waukubali, au aongeze mshahara kidogo. Aliamua 320,000. Hapo NSSF ya mfanyakazi ni 32,000, inabaki 288,000, PAYE ni asilimia 8 ya 18,000, yaani 1,440. Mkononi 286,560. Kwa mtunza stoo alitaka kufanya vivyo hivyo, nikamwonyesha bei yake: kumhakikishia 475,000 mkononi, mshahara lazima ufike karibu 547,600, na ukijumlisha NSSF na WCF za mwajiri gharama yote inafika kama 605,000 badala ya 500,000. Wakakaa wawili hao, wakakubaliana 520,000. Hiyo ni 452,160 mkononi. Nusu ya hasara alibeba mama, nusu mtunza stoo, na nilipowaacha walikuwa bado wananuniana kidogo.

Nilirudi mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mishahara. Faili la kijana wa mguu lilikuwa limeshapelekwa WCF. Mpanga mbao mmoja alishika hati yake ya mshahara kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye 1,440, akaniuliza kama hiyo ndiyo PAYE yote watu wanayoilalamikia. Nikamwambia kwake ndiyo hiyo. Akaikunja hati mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa koti la kazi.

Mezani kulikuwa na ankara moja tu, imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu: "Kunoa misumeno 14."